Jumamosi za Kupeleka Sweta

Mnisamehe mapema. Mwandiko wangu unafanana na njia ya kuku aliyepita juu ya unga, na tahajia yangu ilibaki darasa la saba nilipoiacha. Naandika polepole, mistari michache kabla ya chai na mingine baada ya chai, na kalamu ikinishinda nainuka nikachume mboga. Nilikuwa mtoto wa haya, nikawa msichana wa haya, na sasa ni bibi wa haya. Maneno ambayo wengine huyatoa kwa mdomo, mimi huyaweka mpaka yapate karatasi. Haya nimeyaweka tangu miaka ile Uhuru ulipokuwa bado mpya, na ningeendelea kuyaweka kama hatungemzika Tata Nyambura mwezi uliopita.

Tata ndiyo shangazi, kwa lugha ya kwetu. Kwenye mazishi walisimama watu wa kanisa, wakasimama wa chama cha akina mama, akasimama chifu mstaafu, na kila mmoja alisema jinsi alivyokuwa mwombaji na mchapakazi. Nilikaa chini ya turubai na sahani ya mukimo magotini, nikingoja mtu ataje Jumamosi. Hakuna aliyetaja. Wangejuaje? Tulikuwa wawili tu njiani, na mmoja wetu sasa alikuwa ndani ya sanduku. Habari za wazazi wangu na tulivyozaliwa wangapi naziacha, maana zinafanana na za kila nyumba ya kilima chetu. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliokaa na Tata mjini Nyeri, nikiwa nimemaliza shule na sijui niende wapi.

Tulikaa chumba kimoja nyuma ya duka la nguo la Mhindi mmoja, ambaye mkewe sote tulimwita Mama Kanta. Chumba kilikuwa na kitanda cha Tata, godoro langu lililosimama ukutani mchana kutwa kama mgeni asiyepewa kiti, jiko la mafuta ya taa, na katikati, mahali ambapo watu wengine wangeweka meza ya kulia, mashine ya kufuma sweta. Tulikula tukiwa tumeizunguka. Nyuzi za rangi ya damu ya mzee na za kijani ziliingia kwenye chai, kwenye githeri, hata kwenye nywele zetu. Tata alifuma sweta za shule kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, mimi nikiunganisha mikono na shingo kwa sindano, na Jumamosi tulizifunga kwa shuka na kuzipeleka: Karatina siku hii, Kiriaini siku nyingine, Kianyaga mara mojamoja. Kutoka upande wa pili wa ukuta tulisikia sufuria za Mama Kanta na harufu ya vitunguu na udi, na jioni tulisikia yeye na bwana yake wakibishana kwa lugha yao. Hatukuelewa neno, lakini tulijua wanabishana nini, kwa sababu mwenyewe alikuja kutuambia asubuhi akiwa ameegemea mlango wetu. "Leo bwana nasema tuende Ulaya. Kesho nasema hapana, tukae hapa hapa. Kila siku mimi washa taa, uliza Mungu. Mungu nyamaza." Kisha akapanguza mikono kwenye nguo yake. "Basi mimi pika chapati." Tata alicheka mpaka akaangusha vitanzi vya mkono mzima wa sweta, ikabidi aanze upya.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa na swali la aina hiyo hiyo. Hospitali ya misheni ilikuwa inachukua wasichana waliomaliza darasa la saba wafunzwe kuwa wasaidizi wa wauguzi. Walitaka wasioolewa, na walale huko huko bwenini. Jina langu lilikuwa limekubaliwa na nilipaswa kuingia mvua ndefu zikiisha. Upande wa pili alikuwako Muriuki.

Muriuki alikuwa kijana wa Kianyaga aliyeleta ndizi na nduma za mama yake soko la Karatina. Jumamosi moja alinunua kwetu sweta ya dada yake mdogo. Jumamosi iliyofuata akairudisha, ni ndogo. Tukambadilishia. Akarudi tena, sasa ni kubwa. Aliporudi safari nyingine akisema shingo inambana, Tata aliiweka sweta mapajani na kumtazama juu ya miwani.

"Atiriri, kijana. Huyu dada yako anakua na kupungua kama mwezi?"

"Tata, ni hewa ya kwetu. Ni kali."

"Ati hewa. Na hiyo hewa inakuleta huku kila wiki ukiwa umechana nywele?"

Wauza viazi wa jirani walipiga makofi. Mimi niliinamia fundo la shuka nikalifunga na kulifungua. Lakini Muriuki hakukimbia. Alivunja hindi la kuchoma katikati, akanipa nusu kubwa, akaanza kunisimulia habari za punda wao aliyekataa kuvuka daraja jipya la serikali mpaka alipoimbiwa. Nilicheka nikiwa nimefunika mdomo. Kwa mtu kama mimi, kukaa na msemaji mzuri ni kama kukaa karibu na moto: huhitaji kufanya chochote. Baada ya siku nyingi za namna hiyo alituma neno kwa Tata kwamba watu wake wangependa kuja. Kwao walitaka harusi kabla ya msimu wa kuchuma kahawa. Nilimuuliza Tata kama haiwezekani angoje nimalize mafunzo. Akasema, "Kumwambia mwanaume wa watu angoje miaka ni kumfunga kamba kwenye mti halafu uende zako. Mkatae au mkubali."

Ingekuwa rahisi kama mmoja wapo angekuwa mbaya. Tulikwenda Kianyaga kupeleka mzigo wa shule, na mama yake Muriuki akatuita nyumbani tukale. Nyumba ilikuwa imefagiliwa mpaka ardhi inang'aa. Alinipa kiti karibu na moto, akanipa nduma laini na chai ya maziwa mengi, na hakuniuliza swali hata moja. Alinionyesha tu migomba yake, mmoja mmoja, kama mtu anayetambulisha watoto wake. Nilirudi Nyeri nikiwa nimeamua. Jumamosi iliyofuata tukapeleka sweta ndogo za wodi ya watoto pale hospitali, na Tata alipokuwa akizihesabu na sista, nilibaki kwenye ujia. Chumba cha pili kulikuwa na bibi mmoja wa Kiriaini, mwembamba kama kuni, aliyekuwa akiita kwa sauti ndogo kwamba amechoka kulalia ubavu mmoja. Hakuna aliyemsikia. Nilitazama huku na huku, kisha nikaingia, nikaweka mkono chini ya bega lake na mwingine chini ya kiuno, nikamgeuza. Nikamnyoosha miguu. Ilikuwa baridi, nikaisugua. Alifumba macho kwa raha, akasema, "Uso wako una haya, lakini mikono yako haina." Nilikaa naye mpaka Tata akaja kunitafuta, na Tata alinikuta nikiongea. Mimi, nikiongea na mtu nisiyemjua, tena mfululizo! Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua upya, kinyume.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta ishara. Wakati ule Tata alikuwa ameokoka, na ndugu zake wa kanisani walikuwa watu wa kusema "Bwana amenionyesha" kuhusu kila kitu, hata ng'ombe wa kununua. Mimi Bwana hakuwa amenionyesha kitu. Basi nikaweka mpango wa siri: nikitoka nje asubuhi na kukuta mlima uko wazi, theluji yake ikionekana, ni hospitali. Nikikuta umejifunika mawingu, ni Kianyaga. Nilifanya hivyo wiki nyingi na matokeo yakawa ya kuchanganya. Mwishowe nilimwambia Tata, tukiwa tunapanda kilima cha Kiriaini na mizigo mgongoni, kamba imetukaa kwenye paji la uso. Alisimama katikati ya barabara.

"Ciru. Mlima uko wazi alfajiri kila siku njema, na mawingu hupanda jua likipata nguvu. Mtoto mdogo anajua hivyo."

"Ndiyo, Tata."

"Kwa hivyo, ukiamka mapema, Mungu anataka uwe muuguzi. Ukilala, anataka uolewe."

Alicheka, akashika mti, akacheka tena, mpaka mwanaume mmoja wa baiskeli akasimama kuuliza kama mama yuko sawa. "Niko sawa, baba. Huyu msichana ananifundisha Maandiko."

Lazima nieleze jinsi Tata alivyoomba, maana ndicho nilichotaka kisemwe kule mazishini. Hakuinamisha kichwa wala kufunga macho njiani. Alisema ukifunga macho njia ile utaomba ukiwa mtaroni. Alimwambia Mungu tulipo. "Bwana, tumefika darajani. Maji ni mengi lakini tutapita." "Bwana, hapa ndipo kwa yule mama wa mbwa mkali. Ciru anaogopa." "Bwana, tumeuza, tumechoka, tunakunywa chai." Basi. Hakuomba aonyeshwe njia ya kwenda, ingawa mara mbili tulipotea kwenye mashamba ya chai tukitafuta njia ya mkato, na hata hapo alisema tu, "Bwana, hapa hatupajui." Nilimuuliza siku moja, "Kwani yeye hajui tulipo mpaka aambiwe?" Akanijibu bila kupunguza mwendo: "Anajua. Mimi ndiye ninayesahau kwamba anajua." Wakati ule niliona ni maneno ya kupunguza urefu wa njia. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, nimesikia mahubiri mengi ya watu waliosoma, na bado sijapata lingine la kuzidi hilo.

Watu wa Muriuki walikuja Jumamosi, kwa hiyo hatukupeleka sweta. Tuliivuta mashine kwenye pembe na kuifunika shuka. Mama Kanta alituazima viti na akatuletea sahani ya vitu vya kukaanga vyenye pilipili, akanifinya shavu, akaondoka. Baba yangu alikuwa amekuja kutoka nyumbani na alikaa karibu na dirisha amevaa koti lake la kanisani. Alikuwapo Muriuki, na mama yake, na baba yake mdogo ambaye ndiye msemaji wao, na wanawake wawili waliobeba kibuyu kikubwa cha uji uliochachuka vizuri. Kwa desturi kingekuwa kibuyu cha pombe ya muratina, lakini nyumba zote mbili zilikuwa zimeokoka. Desturi yenyewe ilibaki. Msemaji anazungumza kwa kuzunguka, baba wa msichana anajibu kwa kuzunguka, kisha msichana anapewa kikombe kilichojaa na kuulizwa mbele ya wote: tunywe, au tusinywe? Akionja na kumpa baba yake, amekubali, na wote wanakunywa. Akikiweka chini, wageni wanabeba kibuyu chao na kurudi kwao, na hakuna aliyetukanwa. Tata alikuwa amenieleza usiku uliotangulia. "Wazee wetu waliwajua wasichana kama wewe," alisema. "Hawakutaka hata neno. Mkono tu."

Nikapewa kikombe. Kilikuwa cha bati nyeupe chenye ukingo wa buluu. Chumba kilikuwa kimejaa, na mahali pekee pa kusimama palikuwa karibu na mlango uliokuwa wazi. Msemaji akaniuliza. Nikatazama uji. Nikawaza migomba, nikawaza miguu baridi ya yule bibi, nikawaza migomba tena. Hapo nyuma yangu nikasikia viatu vizito vikifuta tope. Alikuwa Ndugu Eliudi, wa kanisani kwa Tata, aliyealikwa aje kuomba nasi na ambaye basi lake lilikwama matopeni, ikabidi aje kwa miguu. Aliingia akitweta, akaona msichana amesimama mlangoni na kikombe kilichojaa. Sasa, kwetu, msichana akisimama mlangoni na kikombe, ni cha nani kama si cha mgeni anayeingia?

"Bwana asifiwe!" alisema. "Hapa ndipo penye Wakristo." Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akanywa, akakiinua kabisa, akafuta masharubu na kunirudishia. "Ongeza kidogo, mwanangu."

Nilimsikia Mama Kanta akiwasha jiko upande wa pili wa ukuta. Kisha msemaji wa Kianyaga akasafisha koo taratibu.

"Watu wa Nyeri, tumeona. Ndugu huyu amekubali. Tutamchukua."

"Baba," Muriuki akasema, "ana ndevu."

"Si neno," mama yake akajibu. "Mradi anajua kuchuma kahawa."

Nyumba nzima iliangua kicheko. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele ya wageni, alijificha uso ndani ya kofia yake. Ndugu Eliudi alipoelezwa alichokunywa alishika kichwa akasema, "Ngai! Na mke wangu nitamwambia nini?" na tukaanza tena. Mimi pia nilicheka, na sikufunika mdomo. Katikati ya kicheko wazo likanipiga: hii ndiyo ishara! Kikombe kimeondolewa mkononi mwangu! Au kimenywewa ili nipewe kingine? Nikamgeukia Tata, na lazima uso wangu ulisema yote, maana aliinua kidole.

"Ciru, usianze. Huyo ni Eliudi na kiu yake. Si malaika Gabrieli."

Ilibidi nikijaze tena kikombe mwenyewe. Kibuyu kilikuwa pembeni, karibu na Muriuki, naye alikiinamisha ili nisimwage. Watu walikuwa bado wanapanguza machozi, kwa hiyo hakuna aliyemsikia akinong'ona: "Usiogope. Ukikiweka chini nitakunywa mimi. Hakitakaa hapo kuaibisha mtu." Kwa wema huo nilikaribia kuonja. Nasema kweli, kikombe kilifika kidevuni. Nilisimama hivyo nikingoja, na hakuna kilichotokea. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima tangu asubuhi na sikuwa nimeamka mapema wala kuchelewa. Mungu alinyamaza. Lakini huo ukimya haukunitisha kama zamani. Ulikuwa kama wa mtu mkubwa mnayekutana naye kwenye njia nyembamba, anayesimama kando na kukuachia upite. Nikakiweka kikombe juu ya mashine ya kufuma, kwenye shuka. Halafu nikafanya jambo ambalo desturi haikunidai. Nilisema, kwa sauti ya kusikika, "Nataka kwenda hospitali. Muriuki ni mtu mzuri. Lakini nataka kwenda hospitali."

Baba akamgeukia dada yake. "Kumbe ana sauti."

Muriuki alinyanyuka, akakichukua kikombe, akanywa bila haraka mpaka mwisho, akakirudisha mahali pake. Mama yake alinishika kichwani, akanibariki kwa maneno ya kizee, akasema nikipita Kianyaga nisilale njaa. Ndugu Eliudi akaomba, kwa ufupi, labda kwa sababu ya aibu. Wakabeba kibuyu chao wakaenda kutafuta basi kabla ya mvua.

Tulibaki na vyombo. Tata aliosha, mimi nikapanguza. Nilimwona Muriuki akitembea barabarani mbele ya mama yake, bila kuongea, yeye aliyekuwa haishiwi maneno. Machozi yakaja.

"Tata, na kama nimekosea?"

Aliendelea kusugua. "Basi utakuwa umekosea ukiwa na Mungu. Wako wengi waliopatia wakiwa peke yao." Akanipa sahani ya Mama Kanta. "Hii irudishe na kitu ndani. Weka zile ndizi za wageni."

Nikaenda na sahani, na nikiwa kati ya mlango wetu na wa Mama Kanta, hatua chache tu za matope, ikanijia ile amani niliyokuwa nikiitafuta mlimani. Nilikuwa nimedhani inakuja kabla, ili mtu ajue la kufanya. Ilikuja baadaye, nikiwa nimebeba ndizi. Niliingia hospitali mvua zilipoisha na nikageuza wagonjwa mpaka nikastaafu. Muriuki alioa mwaka uliofuata. Kuna siku, hasa kahawa ikichanua, nilijiuliza kule Kianyaga kungekuwaje, na sikupata jibu, na nilikula chakula changu vizuri.

Sasa nawaomba nyinyi mliosoma mpaka hapa mniandikie, kupitia kwa karani wa kanisa letu, yeye ataniletea. Sitaki mnisifu. Nataka kujua ninyi mlikunywa au mlikiweka chini, na nani alikuwa amesimama karibu nanyi wakati huo. Aliyekosea aandike pia. Huyo ndiye ningependa kumsikia kwanza.